Mtoto wa Pangoni na Tumbo la Ministro

Mucuarán, 12 Januari 1971

Mjomba Evencio,

Naomba baraka yako. Sisi huku juu wazima, kama mtu anaweza kuitwa mzima akilala na masweta matatu. Viazi vimekubali. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike mwenye sura ya kulalamika, mama akasema amefanana na ukoo wako. Yeye mwenyewe hajambo magoti, hajambo kifua, na anayemuuliza habari za kaka yake daktari wa mifugo humjibu kwamba hana kaka, ana binamu wa mbali aliyehamia Maracaibo kufuga viyoyozi.

Habari kubwa ni kwamba tumeibiwa Mtoto. Unamjua dada yako. Mwaka mpya ulipoingia, kila nyumba ilimsimamisha Mtoto Yesu wake wa sanamu kwenye pango la Noeli kama inavyopasa. Yeye akasema wake ameshinda na baridi siku zote hizi, aachwe alale. Tukamkumbusha kwamba Mtoto anayekutwa bado amelala huibiwa na majirani, na mwenye pango hulipa karamu ili arudishiwe. Akasema aibe anayetaka, wataonana. Siku chache baadaye pangoni walikuwapo Maria, Yosefu, punda, ng'ombe, na kibonyeo kwenye majani.

Tangu hapo tunazunguka nyumba kwa nyumba, fidla mbele, watoto nyuma, tunauliza nani amemwona. Wote wanakana. Custodio Balza, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, anakana kuliko wote: anacheka, anavuta mkanda wa suruali, anatufunulia chini ya kitanda kabla hatujamwomba. Kwa hiyo ni yeye. Tunangoja achoke.

Jambo dogo la mwisho. Ministro, yule mbwa wa mama, mkubwa kama ndama, tuliyempa jina la uwaziri kwa sababu hula vizuri na hafanyi kazi, sasa hataki hata kula. Ametapika mapovu mara kadhaa. Mama amempa chai ya kamomili na sala. Kuna la kuongeza?

Mpwa wako,
Hermelinda


Maracaibo, 21 Januari 1971

Hermelinda,

Mungu akubariki. Hapa joto ni lilelile, na ziwa linanuka vilevile. Binti yangu Zoraida amepata kazi ya kufundisha. Mumewe amepata kitambi. Mimi nimestaafu kila kitu isipokuwa kusoma barua za ndugu. Msalimie dada yangu, kama anapokea salamu za mabinamu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini macho yangu. Umetumia ukurasa mzima kunieleza kitu kilichopotea nyumbani, na mistari michache kunieleza mbwa anayetapika katika nyumba hiyohiyo, wiki hiyohiyo, na hukuona kwamba unanieleza jambo moja. Nilipokuwa nikifundisha, vijana walilijua swali hili kabla ya kujua kushika sindano: mbwa mzima akianza ghafla kutapika na kukataa chakula, mwulize mwenye nyumba ni nini kimekosekana. Soksi, gunzi la hindi, kijiko cha mtoto. Kwingine kokote watu wakikosa kitu hutazama chini ya meza, kisha humtazama mbwa. Ninyi mlichukua fidla.

Nataka kujua Mtoto huyo ametengenezwa kwa nini. Yule wa mama yetu, dada yangu Eufrasia alimvunja zamani. Huyu wa sasa simjui. Kama ni plasta, itamong'onyoka tumboni. Kama ni madini ya risasi, yatamtia sumu kwenye damu. Kama ni mti, atakaa humo kama mpangaji, leo mbwa atakula kidogo, kesho atatapika, na ninyi mtasema amepona kila siku ya pili. Niambie pia ukubwa wake, na kama ana chochote chenye ncha.

Wakati huo huo mfungue mbwa mdomo. Bonyeza ufizi kwa kidole: unageuka mweupe, kisha rangi ya waridi irudi upesi. Rangi isiporudi, au tumbo likiwa gumu kama ngoma, au hata maji yasikae tumboni, usiniandikie, mpakie kwenye lori la kwanza la viazi umpeleke mjini Mérida. Mpe maji kidogo kidogo. Usimpe mafuta ya kula ili "ateleze". Mbwa anayetapika huyavuta mapafuni. Usimpe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo huua, na kitu kikali kikipanda hukata njia yote hadi kooni. Kamomili haina ubaya. Kuhusu sala sina utaalamu.

Mjomba wako,
Evencio


Mucuarán, 1 Februari 1971

Mjomba,

Baraka. Barua yako imetumia siku nyingi kupanda mlima kuliko mtu mwenye miguu mibovu, lakini imefika, na tumeisoma kwa sauti mezani. Lilikuwa kosa langu. Mwandiko wako siku hizi ni wa nyumbu anayeteremka. Ulikuwa unaandika ndani ya basi?

Mtoto ni wa mti. Mrefu kama kidole cha shahada, na mwembamba. Kichwani ana miale mitatu ya bati, kiunoni alifungwa utepe wa buluu. Na sasa nitakwambia jambo ambalo mama alikataza lisiandikwe: ili ang'ae kwa ajili ya Noeli, alimpaka mafuta ya kondoo. Akamlaza kwenye majani, chini, usawa wa pua ya Ministro. Mimi sisemi kitu.

Nilipofika kwenye maneno yako kuhusu fidla, mama aliweka kijiko chini. Alisema mbwa wake amebatizwa na mvua ya mlimani, hawezi kufanya hivyo. Akasema mwizi ni Custodio. Nikaenda kwa Custodio, nikamweleza kwamba safari hii si mchezo, mbwa anaumwa, aseme kweli. Akaacha kucheka, akavua kofia. "Hermelinda, sikumchukua," akasema. "Nilicheka kwa sababu mwizi wa Mtoto hupewa keki na mvinyo, na mimi sijawahi kushukiwa maishani mwangu." Nikarudi nikamwambia mama. Akasema mtu anayekana kwa uso mkavu hivyo bila shaka ameiba.

Ufizi ni wa waridi. Maji yanakaa. Juzi alikula chapati ya ngano yote, tukashangilia, jana akairudisha. Ubavu umeanza kuonekana chini ya manyoya.

Hermelinda


SIMU YA MAANDISHI, 4 FEBRUARI. KUTOKA MUCUARÁN.
UTEPE WA BULUU UMECHUNGULIA NYUMA. JIRANI ANATAKA KUUVUTA. TUVUTE? HERMELINDA

SIMU YA MAANDISHI, 4 FEBRUARI. KUTOKA MARACAIBO.
USIVUTE. MFUNGE JIRANI MIKONO. KATA KINACHONING'INIA TU. BARUA INAFUATA. EVENCIO


Maracaibo, 5 Februari 1971

Hermelinda,

Mungu akubariki, wewe na mkasi wako. Zoraida anasalimu. Kitambi kinasalimu.

Karani wa posta aliisoma tena ile simu yako kabla hajanikabidhi, akidhani ni lugha ya wafanya magendo. Sasa nikueleze kwa nini hakuna ruhusa ya kuvuta. Utumbo ni kitambaa laini kilichokunjwakunjwa. Utepe ukiwa umenasa juu, kwenye Mtoto, nawe ukauvuta chini, utumbo hujikusanya kama kiuno cha suruali unapovuta uzi wake, kisha uzi hukata. Mbwa aliyekuwa na tatizo moja anakuwa na kumi. Utepe ukiwa umeshakatika huko ndani, utatoka wenyewe bila msaada wa jirani. Niandikie kama umetoka.

Kwa vyovyote sasa tunajua. Mtu aweza kumshuku Custodio kwa mengi, si kwa utepe huo.

Mbwa apelekwe Mérida. Yupo huko Ildemaro Peña, alikuwa mwanafunzi wangu, mvivu wa kuandika lakini mikono yake inajua kazi. Nimemwandikia. Atampiga eksirei. Mti hauonekani vizuri kwenye picha, ila bati huonekana, kwa hiyo ile miale ambayo ingeweza kumuua ndiyo itakayotuambia alipo. Kisha atafunguliwa tumbo, kitu kitolewe, ashonwe. Ni kazi ya kawaida kwa mbwa ambaye bado ana nguvu. Kwa mbwa aliyedhoofika ni kamari. Kila juma mnalongoja mnamhamisha kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Kuhusu mwandiko, kalamu ni mbovu.

Evencio


Mucuarán, 14 Februari 1971

Mjomba,

Baraka. Utepe ulitoka wenyewe asubuhi iliyofuata. Jirani amesikitika.

Mama sasa amekubali kwamba Mtoto yumo. Usifurahi. Alipokataa tulikuwa na mbwa mgonjwa. Alipokubali tumekuwa na kanisa. Wanawake wakipita uani hupiga ishara ya msalaba kwa Ministro. Bwana mmoja wa huko chini alileta mshumaa. Ministro akaula ncha, na mshumaa ukaongezwa kwenye orodha ya mambo tunayongoja.

Nilimwonyesha mama barua yako. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa hukumu. Kisu hakiruhusiwi, kwa sababu kinaweza kumgusa Mtoto. Kungoja atoke kwa nyuma hakuruhusiwi; hilo hata kulitamka ni kufuru. Imebaki njia aliyoingilia, na hiyo wewe umeipiga marufuku. Nikamleta Padri. Padri akasema kinyago ni kinyago na mbwa ni kiumbe wa Mungu, apelekwe kwa daktari. Mama akamshukuru, akampa kahawa, na alipoondoka akasema Padri huyo ni mtu wa nchi za joto, kama watu fulani.

Mjomba, njoo wewe. Wewe ndiye mtu pekee ambaye mama atamsikiliza baada ya kumkataa.

Mama? Mama hajambo. Gauni la kanisani amelikaza kwa pini upande huu na huu, limekuwa kubwa. Nguo zinapanuka na baridi, nadhani. Tusizungumze hilo.

Hermelinda


Maracaibo, 20 Februari 1971

Hermelinda,

Mungu akubariki. Naandika kwa mashine ya Zoraida ya shuleni kwa sababu ya ile kalamu.

Mwambie dada yangu kwamba nimezitafakari hukumu zake zote, na kwamba mwili wa mbwa ulipoumbwa hawakuitwa wanateolojia kutoa ushauri. Una milango miwili tu, na daktari ndiye mlango wa tatu. Hakuna wa nne.

Mimi siwezi kuja. Magoti yangu hayapendi mlima, kifua hakipendi baridi, na basi la kupanda huko halimpendi mtu yeyote. Tena Ildemaro anatosha. Mimi ningekuja kufanya nini ambacho yeye hawezi?

Nguo za sufu hazipanuki na baridi. Nimefundisha fizikia mwaka mmoja, mwalimu wake alipougua, najua. Sasa nijibu kwa kalamu yako nzima, bila kufikiri: ni lini dada yangu alikula sahani iliyojaa?

Evencio


SIMU YA MAANDISHI, 25 FEBRUARI. KUTOKA MUCUARÁN.
MAMA HALI CHAKULA TANGU MBWA AACHE KULA. HERMELINDA

SIMU YA MAANDISHI, 25 FEBRUARI. KUTOKA MARACAIBO.
WAPAKIE WOTE WAWILI LORI LA VIAZI. NITAKUWA MÉRIDA JUMAMOSI. EVENCIO


Mérida, 1 Machi 1971

Hermelinda,

Mungu akubariki. Najua umebaki na ng'ombe na ndama yule anayelalamika, na kwamba unazunguka nyumba ukisubiri karatasi hii, kwa hiyo nitavunja mazoea yangu na kuanza na mwisho: mbwa yu hai. Sasa nitaeleza, nawe utavumilia.

Walifika wakiwa wamekaa juu ya magunia, mama yako akiwa amemfunika Ministro kwa blanketi lake mwenyewe. Mbwa alikuwa mwepesi kuliko mbwa wa aina yake anavyostahili kuwa. Dada yangu pia. Alinitazama toka viatu hadi kofia, akasema nimenenepa. Alizungumza na Ildemaro tu, hata alipokuwa ananijibu mimi. Nikimwuliza kama mbwa alitapika njiani, alikuwa anamgeukia yeye na kusema, "Mwambie bwana huyo, mara mbili."

Nikamweleza. Unanifahamu. Nilimchorea tumbo la mbwa juu ya karatasi ya duka la nyama, nikamwonyesha mahali kisu kitakapopita na mahali ambapo hakitapita. Nilimweleza dawa ya usingizi, uzi, tabaka za kushona. Nilieleza vizuri sana. Wanafunzi wangekuwa wameandika. Alipokuwa amesikia yote alisema kisu hakitamgusa Mtoto, na Ildemaro akaanza kukunjua mikono ya koti kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani.

Kisha eksirei ikawa tayari. Ildemaro aliibandika kwenye kioo chenye taa. Hata mimi niliyeona picha hizo maisha yangu yote nilivua kofia. Katikati ya ule ukungu wa tumbo kulikuwa na miale mitatu, myeupe, mizuri, na chini yake kivuli chembamba, umbo la mtu. Eufrasia akapiga ishara ya msalaba. Akasogea karibu hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akatazama sana.

"Bado amelala," akasema.

Ildemaro akasema ndiyo, mama, amelala ubavu, kichwa kimeelekea kwenye mlango wa utumbo.

"Hata Candelaria, sikukuu ya mwisho ya kumsimamisha Mtoto, imepita na bado amelala," akasema dada yangu, safari hii akinitazama mimi. "Evencio, ni aibu. Mtoeni mkamsimamishe."

Hivyo ndivyo elimu yangu yote ilivyoshindwa na desturi ya kumsimamisha Mtoto. Nimekwisha kusamehe, mbwa hana haja ya kujua ni hoja gani iliyomwokoa.

Ildemaro ndiye aliyepasua. Niliona ni vizuri vijana wapewe nafasi. Mimi nilisimama kichwani, nikihesabu pumzi za mbwa, na dada yangu akakataa kutoka chumbani, kwa hiyo alisimama karibu yangu. Tumbo lilikuwa limevimba ndani na jekundu pale ambapo bati lilikuwa limekwaruza, ila halikutoboka. Mtoto alitoka mzima, mweusi kidogo, na mwale mmoja umepinda. Utambi wa mshumaa ulitoka pia. Kuna wakati, kabla ya kushona, pumzi zilipungua mno. Ildemaro aliacha kila kitu akangoja. Eufrasia alinishika mkono, ule wa kulia, akaubana kwa nguvu kwenye ukingo wa meza hadi pumzi ziliporudi.

Kwa siku za mwanzo atakula kidogo kidogo, wali laini na supu ya kuku isiyo na mafuta. Asirambe nyuzi, mvalishe shingoni ndoo iliyokatwa kitako. Akitapika tena, au kidonda kikitoa maji yenye harufu, arudi. Ukimwona mtu amemletea mshumaa, mfukuze.

Mama yako alikunywa supu ya maziwa na viazi jana jioni. Alisema ni mbaya. Akaongezwa.

Mimi ninateremka kesho. Joto linaningoja.

Evencio


Mucuarán, 16 Machi 1971

Mjomba,

Baraka. Ndama amepona malalamiko. Ministro anatembea na ndoo shingoni kama afisa wa serikali mwenye cheo kipya, na anagonga kila mlango. Nyuzi zimetolewa. Kidonda kimekauka, hakina harufu isipokuwa ya Ministro.

Mtoto alisimamishwa jana. Padri alisema msimu umepita, mama akasema msimu ulikuwa tumboni. Tulimbeba kwenye kitambaa cha hariri, watu wanne pembeni, fidla ikapigwa, kila mtu akabusu. Wengine walibusu hewa karibu naye, na siwalaumu. Custodio alikuja na sura ya mtu aliyedhulumiwa. Alisema amebeba jina la mwizi miezi miwili bila malipo. Mama akampa keki nzima, aende nayo nyumbani, ili anyamaze.

Yapo mambo hukuniandikia kutoka Mérida. Mama ameniambia habari za mkono wako wa kulia. Aliniambia pia kwamba ulikunywa kahawa kwa mikono yote miwili, na kwamba ulipotakiwa kutia sahihi kwenye kitabu cha Ildemaro ulimwomba mama aandike jina, wewe ukaweka alama ya kidole. Kwa hiyo kalamu za Maracaibo ni nzima. Sikuulizi kitu. Nilitaka tu ujue kwamba najua, ili usinunue mashine ya kuandika.

Mama anasema nimeandika vya kutosha na anataka karatasi. Huyu hapa.

Hermelinda

*

Evencio,

Mbwa amekula. Nami nimekula. Chumba cha upande wa jiko kimesafishwa, kina joto kidogo. Pandisha sanduku kwenye lori la viazi uje ukae. Maelezo yaache Maracaibo. Huku juu sote tunatetemeka, hakuna atakayekuuliza.

Eufrasia